Pumba Tunayowapa Nguruwe: Chakula Chetu na Kanseri ya Utumbo Mkubwa

Koperative zaidi ya moja ninazotembelea ziko na mjadala uleule: kununua mashini mpya ya mahindi, ile ambayo inakoboa kwanza kisha inasaga, na bunga inatoka nyeupe kama chokaa. Sababu inaeleweka. Bunga nyeupe inauzwa haraka mjini, haichachi upesi, na mama mnunuzi akiiona kwenye beseni habishani sana juu ya bei. Mimi ni agronome, siwezi kukataa biashara ya wanamemba. Lakini kuna hesabu moja ambayo haikuandikwa katika mpango wowote wa mashini niliousoma, na inahusu tumbo zetu wenyewe. Njo maana safari hii naacha mbegu na mbolea kando kidogo, tuzungumze kanseri ya utumbo mkubwa.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu nimekwisha kulisikia: “Agronome, ile ni ugonjwa ya bazungu na ya bale banakaa ku mji. Siye tunalimaka, inatuhusu nini?”

Swali ni zuri, tena lina ukweli ndani yake. Duniani kote, ugonjwa huu ni wa tatu kati ya kanseri zote kwa wingi, na ni wa pili kwa kuua. Katika mwaka 2022 pekee walihesabiwa wagonjwa wapya milioni 1.9 na vifo zaidi ya 900,000. Wengi wao wako kweli katika nchi tajiri. Sisi wa vijijini tulikuwa kati ya watu waliokingwa zaidi. Ila tujiulize ni kitu gani kilitukinga, kwa sababu kitu chenyewe tunakitupa sasa, na wengine wanalipa mafuta ya mashini ili kitupwe vizuri zaidi.

Aliyeliona hilo mapema alikuwa jirani yetu hapa Uganda. Denis Burkitt, daktari mpasuaji mwenye asili ya Ireland, alifanya kazi miaka mingi Kampala, katika hospitali ya Mulago. Aliona kwamba magonjwa yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kama kanseri ya utumbo mkubwa na bawasiri, yalikuwa nadra kwa watu wa vijiji vya Afrika. Yeye na wenzake walifikia hata kupima uzito wa choo cha watu na muda ambao chakula kinachukua kupita mwilini. (Mcheke, lakini njo kazi ya utafiti ilivyo. Mimi mwenyewe nilipokuwa chuoni nilipima mavi ya sungura mwezi mzima.) Walikuta watu wa kijiji wanatoa choo kingi, laini, tena upesi, Waingereza wanatoa kidogo, kigumu, kinachokaa ndani siku nyingi. Katika mwaka 1971 Burkitt aliandika kwamba tofauti inatoka kwenye nyuzi za chakula, yaani ile sehemu ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuiyeyusha: ganda la maharagi, pumba ya mahindi, mishipa ya majani. Wataalamu walibishana naye miaka na miaka, na mambo mengine aliyoyasema yalipunguzwa. Hili la nyuzi limebaki.

Mwaka 2015 ilitoka kazi nyingine ambayo naipenda kuliko zote, kwa kuwa ni kama jaribio la shamba: unabadilisha kitu kimoja, unaangalia matokeo. Watafiti walichukua Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini. Ni watu wenye asili moja ya mbali, lakini kwa ugonjwa huu hawafanani hata kidogo. Wale wa Marekani wanapata wagonjwa karibu 65 kwa kila watu 100,000. Wale wa vijijini Afrika Kusini hawafiki 5. Basi kwa wiki mbili walibadilishana sahani. Wamarekani walikula bugali ya mahindi, maharagi, mboga na matunda. Nyuzi zao zikapanda kutoka gramu 14 hivi kwa siku mpaka 55. Wanakijiji nao walipewa sosisi, nyama iliyokaangwa na viazi vya mafuta, na nyuzi zao zikashuka kutoka gramu 66 mpaka 12.

Wiki mbili tu. Hakuna aliyepata kanseri katika muda huo, na hakuna aliyeponeshwa. Lakini walipochunguza utumbo kwa ndani, alama zinazotangulia ugonjwa zilikuwa zimegeuka: kwa Wamarekani uvimbe wa ndani ulipungua na chembe za utumbo ziliacha kuzaana kwa haraka ya hatari, kwa wanakijiji mambo yalikwenda kinyume. Damu yao ilikuwa ileile. Ni sahani iliyogeuka.

Kwa nini nyuzi zinafanya kazi hiyo? Mkulima ataelewa upesi kuliko mtu wa ofisi. Utumbo mkubwa ni kama shimo la komposti. Ndani yake kuna vijidudu kwa mamilioni ya mamilioni, na vingi ni rafiki zetu. Vikipata majani na maganda, vinafanya kazi nzuri: vinachachusha nyuzi na kutoa dawa moja inayoitwa butirati, ambayo ni chakula cha ngozi ya ndani ya utumbo. Ngozi ikishiba, inakaa imara na chembe zake haziasi ovyo. Katika jaribio lile la 2015 butirati ya Wamarekani ilipanda mara mbili na nusu, na ile ya wanakijiji ilishuka nusu. Sasa weka ndani ya shimo lako la komposti mafuta na nyama bila majani: mnajua wenyewe harufu inayotoka. Vijidudu vingine vinachukua nafasi, na vinatengeneza vitu vinavyochoma ngozi ileile. Tena choo kinakaa muda mrefu, basi kuchoma nako kunaendelea.

Kanseri yenyewe haianzi kwa kishindo. Mara nyingi inaanza kama kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo, waganga wanakiita polipu. Kinaweza kukaa miaka 10 au zaidi kabla ya kugeuka. Polipu nyingi hazigeuki kabisa. Lakini ile miaka 10 njo nafasi yetu.

Sasa turudi kwenye sahani ya Kivu. Nimepiga hesabu ya vyakula tunavyovizoea. Gramu 100 za maharagi yaliyopikwa zina nyuzi kati ya gramu 6 na 9. Kiazi kitamu cha kuchemsha kina karibu gramu 3, avoka iko karibu na 7, ndizi mbivu karibu na 3. Mchele mweupe uliopikwa haufiki hata gramu 1. Bunga ya mahindi isiyokobolewa ina gramu 7 hivi. Ukiipitisha kwenye mashini ya kukoboa, kinachobaki ni karibu nusu au chini yake. Shirika la Afya la Dunia linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Mtu anayekula sahani nzuri ya maharagi mara mbili na sombe au lengalenga kando, amekwisha kufika bila kuuliza mtu. Anayekunywa chai na mkate mweupe asubuhi, akala mchele na kipande cha nyama jioni, hajafika hata nusu.

Na pumba inakwenda wapi? Kwa nguruwe. Nguruwe za wanamemba wengi zinakula nyuzi kuliko watoto wao.

Sisemi mashini ya kukoboa isinunuliwe. Mji unataka bunga nyeupe, basi tuwauzie. Ila muulize muuzaji, kabla ya kutoa franka yoyote, kama ile sehemu ya kukoboa inaweza kufungwa, ili mahindi yapite moja kwa moja kwenye kusaga. Mashini nyingi za sehemu mbili zinaruhusu hivyo. Kwa njia hiyo koperative inauza nyeupe, na mwanamemba anasagiwa nzima ya nyumbani, kwa bei ndogo zaidi maana mafuta ya mashini yanayotumika ni kidogo. Tatizo moja ni la kweli: bunga nzima ina kiini cha mahindi, kiini kina mafuta, na mafuta yanachacha. Haiwezi kukaa miezi. Dawa ni kusaga kidogo kidogo, ya wiki mbili hivi, na kuhifadhi mahindi yenyewe kama mbegu, makavu kabisa. Mahindi yenye ukungu yasisagwe kwa namna yoyote, hata kwa nguruwe. Sumu ya ukungu ule inaleta kanseri nyingine, ile ya ini, na haitoki kwa kupika.

Kuna jambo dogo ambalo wazee watafurahi kulisikia. Bugali iliyolala, ile ya jana, sehemu ya wanga wake inakuwa ngumu na kufanya kazi karibu sawa na nyuzi. Vijidudu vinaipenda. Ifunikwe vizuri, ilale mahali pasafi na pa baridi, isikae siku tatu.

Lakini shida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, haiko kwenye mashini. Iko kwenye gunia la maharagi. Nyumba nyingi zinavuna, zinauza karibu yote wiki ileile kwa bei ya chini kwa sababu ada ya shule inangoja, halafu miezi miwili baadaye zinanunua kwa kikombe, kwa bei ya juu, au haziwezi kununua kabisa. Hapo sahani inabaki na bugali ya muhogo na mchuzi wa chumvi na kibe cha sukuti. Bunga ya muhogo peke yake ina nyuzi chache, basi ulinzi wote wa nyumba ile ulikuwa katika maharagi.

Fanya hesabu nami. Watu 6, kila mmoja gramu 100 za maharagi makavu kwa siku, ni gramu 600. Kwa mwezi ni kilo 18. Kati ya mavuno ya musimu A na musimu B mnahitaji chakula cha miezi minne au mitano, yaani kilo 72 mpaka 90. Siyo gunia moja lile kubwa kabisa! Nyumba ikiweza kuweka hata nusu yake, ni hatua kubwa. Koperative inaweza kusaidia kwa kumkopesha mwanamemba pesa kidogo juu ya gunia lililowekwa depo, ili asilazimike kuuza. Kuhusu wadudu: maharagi yakauke mpaka jino lishindwe kuyabonyeza, kisha yatiwe kwenye bidoni inayofungwa kabisa au kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Jaza mpaka juu. Mdudu akikosa hewa anakufa, hakuna haja ya poda.

Wamama wameniambia mara nyingi kwamba tatizo ni makala. “Maharagi inakulaka makala, agronome, utanilipia?” Wana haki. Kuyalowesha usiku kucha kunapunguza muda wa kupika sana, na kumwaga maji yale ya kulowesha kunapunguza gesi tumboni. Yale ya zamani, yaliyokaa mwaka na zaidi, yanapika kwa shida. Basi kuleni ya zamani kwanza, msiyaache yazeeke depo.

Mambo mengine yanayoongeza hatari nitayapitia haraka, isipokuwa moja.

Nyama nyekundu, yaani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, ikiliwa kwa wingi inaongeza hatari. Ushauri wa kawaida ni kutopita gramu 350 mpaka 500 zilizopikwa kwa wiki. Kwa wanamemba wengi nyama ni ya sikukuu, hao wasipoteze usingizi. Anayekaa kila jioni kwenye michopo, huyo ninasema naye. Nyama ya kutengenezwa ni mbaya zaidi: sosisi, nyama ya mukebe, nyama iliyowekwa chumvi au moshi ili ikae. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa kanseri la Umoja wa Mataifa liliiweka katika kundi la vitu ambavyo hakika vinaleta kanseri. Gramu 50 kila siku zinapandisha hatari kwa asilimia 18 hivi. Sambaza na ndakala haziko katika hesabu hiyo. Maziwa nayo yanakinga kidogo, basi mashanza endeleeni nayo. Tumbako inaongeza. Kitambi pia, hata kama kwetu bado kinaheshimiwa kama cheti cha utajiri. Kazi ya mwili inakinga utumbo mkubwa, na hapo mkulima yuko mbele ya mtu wa ofisi. Lakini asinielewe vibaya mwanaume fulani akasema mzigo wa kilo 50 juu ya mgongo wa mke wake ni dawa.

Ile moja ninayotaka kukaa juu yake ni pombe, kwa sababu inakula mara mbili: inakula utumbo, na inakula pesa ya maharagi. Hatari inaonekana wazi kuanzia gramu 30 hivi za alkoli kila siku. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye alkoli 5 kwa mia, ina karibu gramu 28. Yaani chupa moja kila jioni, umefika mlangoni. Mbili, umeingia ndani. Kasiksi nguvu yake inategemea aliyeipika, na watu wanakunywa kwa kibuyu, hakuna anayehesabu. Kanyanga ni kali zaidi ya yote, tena inanywewa tumbo tupu. Siku za malipo ya koperative nimeona wenyewe njia inayotoka depo inapitia wapi. Kamati ingeweza kulipa asubuhi badala ya jioni, na kulipa mbele ya mume na mke. Koperative nyingine zimekwisha kuanza.

Nimebakiza jambo ambalo watu wanaona haya kulisema: damu.

Mwanamemba mmoja, baba wa miaka 50 na kitu, mkulima hodari, alikuwa anaona damu katika choo. Alikwenda dispansari, akaambiwa amibe, akapewa dawa ya amibe. Damu ikakata kidogo, ikarudi. Akapewa tena. Mara ya tatu alinunua mwenyewe farmasi, hakuuliza mtu. “Nilijua ni amibe yangu tu,” aliniambia. Mwaka na nusu ulipita hivyo. Alipofika hospitali kubwa alikuwa amekonda, damu imepungua mwilini, na uvimbe ulikuwa umekwisha kufunga utumbo. Alipasuliwa haraka. Yuko hai, lakini shamba analima mtoto wake, na mashamba mawili yaliuzwa kulipa hospitali.

Sitaki mtu aogope bure. Kwetu damu katika choo mara nyingi ni amibe kweli, au kuhara damu, au bawasiri. Na kwa watu wa Bonde la Ruzizi na kando ya Ziwa Tanganyika, bilharzia. Magonjwa hayo yana dawa. Hatari ni kumeza dawa ileile mara ya tatu bila kupimwa. Dawa ikimalizwa vizuri na damu ikarudi, hapo neno amibe lisitoshe tena. Alama nyingine: choo kimebadilika namna kwa zaidi ya wiki tatu, mara kufunga mara kuhara, kuhisi haja haikwisha, kukonda bila sababu, kuchoka na kupauka, maumivu ya tumbo yasiyoondoka. Aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata kanseri hii, hatari yake ni karibu mara mbili, asingoje. Ugonjwa unazidi baada ya miaka 50, lakini waganga wa kwetu wanaona pia wagonjwa wa miaka 30 na 40.

Kipimo cha kwanza hakihitaji umeme wala mashini. Munganga anavaa ganti na kuchunguza kwa kidole njia ya haja kubwa. Uvimbe ulio karibu unaguswa hapohapo. Ni dakika moja. Wanaume wengi wanakataa, na wanganga wengine hawapendekezi kwa sababu wanajua watakataliwa. Omba mwenyewe. Kipimo kikubwa, kamera inayoingia ndani ya utumbo, inaitwa kolonoskopi. Inapatikana katika miji mikubwa tu na bei yake si ndogo. Lakini polipu ikionekana inatolewa palepale, haingojei kugeuka. Na uvimbe ukikutwa mapema, kabla haujatoka nje ya utumbo, katika nchi zenye vifaa watu 9 kati ya 10 wako hai baada ya miaka mitano.

Njo hapa koperative inaweza kufanya kitu ambacho mtu peke yake hawezi. Kasha la msaada wa wanamemba kwa kawaida linatoka kwa matanga: jeneza, chakula, usafiri wa maiti. Lingeweza kutoa pia nauli na pesa ya kipimo kwa mwanamemba aliyetumwa hospitali, kabla mambo hayajafika kwenye jeneza. Inakatwa kidogo kidogo kwenye mavuno yake. Wenye mituele ya afya waulize kwanza kama kipimo kiko ndani ya orodha yao. Na ukifika mbele ya munganga, usiseme “tumbo linaniuma” tu. Sema: “Nina damu katika choo tangu mwezi fulani, nilimaliza dawa ya amibe mara ngapi, imerudi.” Beba makaratasi ya dawa ulizokwisha kunywa, hata kama yamechakaa.